Ng'ombe wa Dada

Mwaka juzi nilipata kibarua cha mtandaoni. Tovuti moja ya kufundisha Kiingereza ilitaka maneno 800 kuhusu neno cow: maana zake, misemo yake, na makosa ambayo wanafunzi hufanya wakilitumia. Malipo yalikuwa madogo, lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia na mwenye nyumba hasikizi hadithi. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Huwa sichagui kazi. Nikakaa kitandani, laptopu juu ya magoti, nikaanza kuorodhesha.

Cow ni ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa. Kabla ya hapo Kiingereza kinamwita heifer, sisi tunamwita mtamba. Cow pia ni tembo jike, na nyangumi jike. Kule Uingereza ukimwita mwanamke cow umemtukana vibaya. Cowboy kwa Mmarekani ni shujaa wa filamu, kwa Mwingereza ni fundi wa hovyo anayekuharibia paa kisha anapotea na pesa zako. Cash cow ni biashara unayoikamua bila kuilisha sana. Kuna hata kitenzi, to cow, kumtisha mtu mpaka anywee, ingawa wataalamu wanasema hicho huenda kilitoka katika lugha ya Waviking na hakina undugu na mnyama. Halafu kuna until the cows come home, yaani muda mrefu ambao hujui utaisha lini.

Huo wa mwisho ulinichekesha. Kwetu Nyamira ng'ombe wanarudi saa kumi na mbili jioni. Wasiporudi, mtu anatumwa na tochi.

Mara ya kwanza mimi mwenyewe kuitwa cow nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alinisikia nikiongea Ekegusii darasani, akaniambia mbele ya wote kwamba mimi ni cow na nitabaki kuwa cow. Nilifika nyumbani nikiwa nimenuna. Nyanya akataka kujua kuna nini. Nikamwambia mwalimu ameniita ng'ombe. Akafikiri kidogo, akauliza: "Wa maziwa ama wa kuchinjwa?" Kwake hilo lilikuwa swali la maana. Kama ni wa maziwa, mwalimu alikuwa amenisifu.

Nilipomaliza misemo nilikuwa na maneno kama 500. Ili nifikishe 800 nikaingia kwenye historia ya neno lenyewe, na hapo ndipo kibarua kikageuka kitu kingine.

Cow ni neno la Kiingereza cha kale kabisa. Beef, nyama ya huyo huyo ng'ombe, lilikuja na Wanormani waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066. Ukiyafuata maneno hayo mawili nyuma sana, wanaisimu wanasema yanakutana kwenye shina moja. Ni ndugu waliopotezana, mmoja akabaki malishoni na mwingine akaishia kwenye meza ya tajiri.

Cattle ndilo lilinishangaza zaidi. Zamani halikumaanisha ng'ombe. Lilimaanisha mali. Lilipitia Kifaransa cha Wanormani, na nyuma yake kuna Kilatini capitale, ambalo limetoka kwa caput, kichwa. Kwa hivyo cattle, chattel na capital ni watoto wa mama mmoja: mifugo, mali ya kuhamishika, na mtaji. Warumi nao waliita pesa pecunia, neno lililotokana na pecus, mifugo. Kiingereza kina neno impecunious, mtu asiye na hela, na ukilichimba utakuta ni mtu asiye na mifugo. Hata sisi, hili neno letu mali tulilipata kwa Waarabu, na kwa Waarabu wafugaji lilitumika sana kumaanisha mifugo, hasa ngamia. Yaani kila mahali watu walianza kwa kuhesabu wanyama, halafu pesa zilipokuja zikarithi jina.

Kisha nikafika kwa fee. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno feoh. Lilimaanisha ng'ombe, na lilimaanisha pia pesa. Fee ya leo ilizungukia Kifaransa kabla ya kurudi, lakini wengi wanaoyasoma mambo haya wanaamini shina lake ni lile lile. Fee ni ng'ombe. Karo ni ng'ombe.

Nilifunga laptopu. Si kwa sababu ya isimu. Ni kwa sababu karo yangu ilikuwa ng'ombe kweli, wanne, na ninawajua rangi.

Dada yangu ananizidi miaka sita. Aliolewa nikiwa kidato cha tatu. Wageni walitoka upande wa Ogembo, wakafika kwetu karibu na Keroka wakiwa wamechelewa na wamevaa suti. Wazee walikaa ndani tangu saa nne hadi jioni. Mwishowe walikubaliana ng'ombe wanane: wanne waje kwa miguu yao, wanne waje kama pesa, polepole. Miongoni mwa wale wa miguu alikuwemo mtamba wa damu ya Friesian, mweupe karibu mwili wote. Tukamwita Mzungu.

Kwa desturi ya Gusii, ng'ombe wale hawakuwa wa Tata tu. (Tata kwetu ni baba. Baba kwa Ekegusii ni mama, na wageni wengi wamechanganyikiwa hapo.) Ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya msichana huwa wana mwenyewe tayari: ndugu yake wa tumbo moja, ambaye atawatumia kuoa. Dada huyu analingana na kaka yule. Zamani, mwanamume mwenye wake wengi hakutakiwa kuchukua ng'ombe wa binti wa nyumba moja akamwozea mwana wa nyumba nyingine. Akifanya hivyo, amezua deni kati ya nyumba hizo, na deni hilo lingeweza kudaiwa baada ya yeye kufa. Philip Mayer, msomi aliyeyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu sheria na desturi za mahari ya Wagusii, anaonyesha jinsi wazee walivyoweza kufuatilia ng'ombe fulani kutoka ndoa moja hadi nyingine kama vile leo unavyofuatilia muamala wa M-Pesa.

Sisi tuko wawili tu, yeye na mimi. Kwa hivyo ng'ombe wake walikuwa ng'ombe wangu. Ila mimi sikuoa. Nilipata alama za kwenda chuo kikuu, na Tata akaamua kwamba masomo ndiyo ndoa yangu ya kwanza. Mwaka wa kwanza aliuza wawili. Mwaka wa pili akauza mmoja. Mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, alimpeleka Mzungu sokoni Keroka akiwa na mimba. Muhula wa pili nikakosa karo, nikakosa mitihani, nikaona aibu kurudi nyumbani na aibu kurudi darasani, nikabaki Nairobi. Hiyo ndiyo hadithi nzima. Haina kashfa yoyote. Iliniishia tu hivyo.

Baada ya kibarua kile nilianza kusoma kuhusu ng'ombe wa kwetu. Nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kulaumu asiyekuwa mimi. Nikawapata wengi.

Kabla ya wakoloni, vijana wa Gusii ambao hawajaoa waliishi mbali kidogo na nyumbani, kwenye kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate. Kazi yao ilikuwa kuwalinda ng'ombe, hasa dhidi ya Wakipsigis, ambao nao walikuwa na vijana wao wanaolinda ng'ombe wao dhidi yetu. Karibu mwaka 1892 pande hizo mbili zilipigana vita ambavyo Wagusii wanaviita Saosao, na wazee bado huvitaja kama mechi tuliyoshinda jana. Wakipsigis walishindwa vibaya. Hayo si mambo ya Afrika peke yake. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kuna neno la vita, gavishti, ambalo asili yake ni kutafuta ng'ombe.

Halafu Waingereza wakaja, na wao wakawa na namna yao ya kutafuta ng'ombe.

Mwaka 1905 kikosi cha King's African Rifles kiliingia Gusii na bunduki ya mtombo. Mamia waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa. Mwaka 1907 kituo cha serikali kikaanza kujengwa mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii. Ofisa aliyepewa kituo hicho alikuwa Geoffry Northcote, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye watu walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Nyarigoti. Januari 1908, Otenyo, shujaa wa Kitutu aliyetiwa moyo na nabii mwanamke aliyeitwa Moraa, alimchoma Northcote mkuki. Northcote hakufa. Maisha yake yaliendelea vizuri tu, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong.

Wagusii ndio walilipa. Jeshi lilirudi. Mwisho wa Januari simu za maandishi zilitoka Nairobi kwenda London zikieleza matokeo: ng'ombe waliotekwa zaidi ya 5,000, mbuzi na kondoo zaidi ya 3,000, Wakisii waliouawa zaidi ya 100. Vyote kwenye hesabu moja. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni, aliandika kwamba hapendi sauti ya ripoti hizo, na akauliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua watu wasioweza kujitetea kwa kiasi hicho. Si mtu ambaye sisi humkumbuka kwa huruma. Ikiwa hata yeye alishtuka, basi hebu fikiria.

Kiingereza huhesabu ng'ombe kwa vichwa: five thousand head. Ni lile lile caput la Kilatini lililozaa cattle na capital. Ukoo wa Otenyo husimulia kwamba baada ya kuuawa kwake kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikidai. Sijui nifanye nini na maneno hayo mawili yakiwa kwenye aya moja. Nimeyaacha yakae.

Kilichonigusa zaidi ni kufikiria kila mmoja wa hao ng'ombe 5,000. Kwenye simu ya maandishi ni mzigo uliotekwa. Lakini kila ng'ombe alikuwa wa mtu kwa namna ile ya wazee wa Mayer: huyu aliletwa kwa ajili ya binti fulani, yule amewekewa kijana fulani, huyu wa tatu tunadaiwa na nyumba ya pili. Kuwaswaga ilikuwa kama kuingia benki na kuchoma vitabu vya akaunti. Ni ndoa ngapi zilikuwa zimeahidiwa kwa ng'ombe hao? Ni vijana wangapi wa ebisarate waliamka siku iliyofuata wakiwa hawana wa kumlinda, wala wa kuoa naye? Hakuna ripoti iliyohesabu hayo.

Miaka michache baadaye, kabla ya vita vya 1914, serikali ilipiga marufuku ebisarate zenyewe. Vijana wenye mikuki waliokaa pamoja porini hawakuwapendeza maofisa. Kodi ya nyumba nayo ilitakiwa kwa rupia, na rupia hazizai. Ili kuzipata, ilibidi uuze mnyama au uuze nguvu zako. Kuanzia miaka ya 1920 mashamba ya chai yakaenea Kericho, kwa jirani zetu wa Saosao, na vijana wa Gusii wakaenda huko kuchuma majani.

Katikati ya hayo yote ilikuja ndoto. Mwaka 1913 mtu wa Alego aliyeitwa Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa wa Ziwa Victoria, Mumbo, amemmeza, kisha akamtema akiwa na ujumbe. Wazungu wataondoka. Watu wachinje ng'ombe wao wale washibe, kwa sababu Mumbo atatoa ng'ombe wengine wengi kutoka ziwani. Imani hiyo ilienea hadi Gusii na ikadumu kwa miaka mingi, serikali ikiwakamata viongozi wake na kuwahamishia Lamu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwacheka hao watu. Mara ya pili nikakumbuka kwamba Tata aliuza ng'ombe wanne akiamini kwamba kutoka chuo kikuu watatoka ng'ombe wengine wengi.

Ng'ombe hawakutoka ziwani, ila pesa zilianza kuingia. Katikati ya miaka ya 1930 serikali iliruhusu Waafrika wa sehemu chache, Kisii ikiwa mojawapo, kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamelishika peke yao. Vita vya pili vya dunia vikaleta mishahara ya wanajeshi. Mahari yakapanda. Mwanahistoria Brett Shadle ameandika kitabu kizima, Girl Cases, kuhusu kesi zilizojaa katika mahakama za wenyeji, zilizoitwa ritongo: msichana ametoroka na kijana asiye na ng'ombe, baba anadai, mume aliyekwisha kulipa anadai, na msichana anasimama katikati akisema anamtaka nani. Baraza la wenyeji lilijaribu zaidi ya mara moja kuweka kikomo cha ng'ombe. Watu walikubali barazani, halafu nyumbani wakaendelea kama kawaida.

Ukizisoma kesi hizo unaona kitu ambacho Waingereza hawakuwa na neno lake. Waliita malipo yale bride price, bei ya bibi arusi, kana kwamba mtu ameenda sokoni. Mwaka 1931 msomi E. E. Evans-Pritchard alipendekeza waache kutumia neno price na waseme bridewealth. Alikuwa na haki kuchukia lile la kwanza. Ukinunua kitu, umemalizana na muuzaji. Kwetu, ng'ombe wakishafika ndipo mambo yanaanza. Watoto wanakuwa wa ukoo fulani kwa sababu ng'ombe wamesimama. Ndoa ikivunjika, ng'ombe wanarudi na wazee wanagombania hata ndama waliozaliwa. Kaka anaoa, na mke wake anajua kabisa ni wifi yupi aliyemleta hapo.

Lakini sitaki kupaka asali. Shadle mwenyewe anaonyesha wasichana waliolazimishwa, waliopigwa, waliorudishwa kwa mume kwa sababu kaka yao alikuwa tayari ameoa kwa ng'ombe wao na hakuwa na wa kurudisha. Hiyo ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi. Mfumo uliomfungamanisha dada na kaka ulikuwa mzuri kwa kaka. Akiwa na shida kule alikoolewa, dada angeulizwa: ukiondoka, ng'ombe tutatoa wapi?

Mimi ningekuwa sababu ya swali hilo.

Leo ng'ombe wa Gusii ni wachache na mashamba ni vipande. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye milima ambayo zamani ilikuwa na nafasi ya kambi za ng'ombe. Chai inafika mpaka mlangoni. Ng'ombe mwenyewe anafungwa bandani, analetewa nepia na maji, na haendi popote, kwa hivyo hawezi kurudi nyumbani jioni. Mtoto wa siku hizi hatumwi na tochi.

Hata hivyo bado tunahesabu kwa ng'ombe. Hudhuria mazungumzo ya mahari Keroka, Suneka au Kebirigo, utasikia wazee wakisema ng'ombe sita, ng'ombe wanane, na mnyama haonekani. Baadaye kidogo mtu anauliza, "Tumhesabu kwa ngapi?" Ng'ombe mmoja anageuka shilingi elfu kadhaa, wazee wanazidisha, kijana anafungua simu. Kwa dada yangu wale wanne wa pesa walihesabiwa shilingi 35,000 kila mmoja, na mpaka leo wamefika wawili na nusu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba pale mahari yanapotakiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha. Sijawahi kumsikia mzee akiitaja hiyo sheria.

Feoh lilikuwa ng'ombe, likawa ng'ombe na pesa, mwishowe likawa pesa tu, na Mwingereza anayelipa fee leo hana habari kwamba kuna mnyama ndani ya neno lake. Sisi tuko pale katikati. Neno letu bado lina yote mawili. Ukisema ng'ombe kwetu unaweza kuwa unamaanisha yule wa bandani, au shilingi 35,000, au dada wa mtu. Waliotangulia kutuhesabia walichagua maana moja tu, ile inayoingia kwenye simu ya maandishi. Naogopa kwamba mimi nilifanya vile vile. Chuoni, kila mara Tata alipotuma karo, nilisoma kiasi. Sikuwahi kuuliza ni yupi ameenda.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Dada alikuja na watoto wake kutoka Ogembo. Anauza maziwa huko. Si ya kwake, anayanunua kwa majirani asubuhi na kuyapeleka kwenye hoteli, na ile faida inaliwa na boda boda. Tulikaa nje tukimenya njugu. Hatukuwa tumewahi kuongea kuhusu jambo hili, hata siku moja. Nikaanzia mbali, kama kawaida yangu, nikamweleza habari za fee na feoh.

Akacheka mpaka njugu zikamwagika. "Kwa hivyo hata wazungu walisomeshwa na ng'ombe?"

"Hata wazungu."

"Na walimaliza?"

Nikanyamaza. Yeye akaendelea kumenya. Baadaye akasema, bila hasira, kama mtu anayekumbusha kuhusu kikapu alichoazima mtu: "Mimi sikuulizi digrii. Hiyo ni yako na Tata. Mimi nauliza Mzungu. Alikuwa na mimba, unakumbuka? Saa hii ningekuwa na watatu, wanne."

Nikamwambia desturi inasema walikuwa wangu. Nilisema kwa utani, nusu.

"Ndiyo, vilikuwa vyako vya kuoa," akasema. "Umeoa?"

Hakuna mzee wa ritongo ambaye angeipangua hoja hiyo. Ng'ombe walitoka kwake ili waanzishe nyumba ambayo angeweza kuja kuketi. Nyumba haipo. Pesa ziliingia mahali zikaisha. Nilikuwa nimefikiri kwamba deni langu ni kwa Tata, au kwa chuo, au kwa yule mtu ambaye ningekuwa. Kumbe mwenye ng'ombe alikuwa amekaa hapo kando yangu muda wote, ananunua maziwa ya watu.

Kwa hivyo tangu Januari namtumia 2,000 kila mwezi, mwezi mbaya 1,000. Mtamba mzuri ni ghali, na kwa mwendo huu itachukua miaka. Desturi haisemi popote kwamba kaka hulipa hivi. Tumejitungia. Yeye hawezi kuhesabu kwa shilingi, anasema inamchosha, kwa hivyo anahesabu kwa viungo. Pesa za kwanza zilipoingia alinijibu kwa WhatsApp: "Nimepokea mkia." Februari ikawa kwato. Machi, kwato ya pili. Aprili nilituma 1,000 kwa sababu kazi zilikuwa zimekauka, akaandika: "Hii ni sikio moja. La pili usisahau, nataka anayesikia."

Ile makala ya maneno 800 niliikabidhi mapema na nikalipwa. Feoh sikuliweka. Jana nilituma zingine. Tumefika magoti ya mbele.